Kilichoota kwenye Visiki

Deodata alirudi nyumbani Runazi na begi moja la nguo na sanduku moja gumu jeusi. Ugomvi ulianzia kwenye sanduku.

"Hiyo ndiyo kamera ya harusi yangu," alisema Suzan, mdogo wake, hata kabla hawajamaliza kusalimiana.

"Haipigi harusi."

"Kamera gani haipigi harusi?"

Deodata alivua viatu, akakaa, akaeleza. Alikuwa ameshaeleza kwenye simu mara nyingi tu, lakini inaonekana nyumbani kwao simu ilikuwa ya kuulizia afya. Alifanya kazi kisiwani Mafia, kwenye kikundi cha watafiti wa matumbawe. Kazi yake ilikuwa kuzama na kupiga picha za karibu sana. Hakupiga mwamba mzima wa matumbawe. Alipiga vile viumbe vidogo vinavyoujenga, vyenye ukubwa wa punje ya mtama, kila kimoja na mdomo wake na vidole vyake vya kukamatia chakula. Zipo lenzi za kazi hiyo ambazo zinaweza kupiga na watu. Hii ya ofisi haikuwa mojawapo. Kitu kikisogea mbali kupita upana wa kiganja, iliona ukungu mtupu.

"Kwa hiyo umepiga picha miaka yote hiyo," Suzan alisema, "na huwezi kumpiga bibi harusi."

"Naweza kukupiga jicho. Au kucha moja."

Suzan hakucheka. Mama yao, Restuta, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaomba angalau aonyeshwe hizo picha zilizomweka mtoto wake mbali na nyumbani. Deodata akafungua kompyuta na kumchagulia ile aliyoipenda kuliko zote: tumbawe la rangi ya machungwa, vidole vyake vimefunguka, ncha zake zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Aliipata baada ya kulala kifudifudi juu ya mchanga mpaka hewa ya mtungi ikakaribia kwisha, maana tumbawe likihisi mtikisiko hujifunga.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Maskini," alisema. "Huu ni ugonjwa gani?"

"Siyo ugonjwa, Mama. Ni mnyama."

"Mnyama hana kichwa?"

"Hana."

"Na watu wanalipa nauli ya ndege waje kumtazama." Mama akarudi kwenye maharage yake. Deodata akafunga kompyuta. Alikuwa na likizo fupi, na tayari alitamani iishe.

Jioni hiyohiyo kaka yao Novatus alikuja kumsalimia akiwa amembeba binti yake, Nice. Novatus alikuwa na shamba la mihogo, na pale senta, penye maduka, alikuwa na kibanda umiza, banda la giza ambamo watu walijazana kutazama mpira. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakuwa nayo. Macho ya Nice yalikuwa mekundu na yamevimba hata kope hazikufunguka vizuri, na mikono yake ilikuwa na vipele vidogo alivyovikuna mpaka vikatoka damu.

"Amefanya nini huyu?" Deodata aliuliza, akakumbuka kwa kuchelewa kwamba Mama alimtajia macho kwenye simu.

"Siyo yeye peke yake. Ni watoto wote wanaooga lambo. Zahanati wametupa dawa ya kupaka. Akipaka anapata nafuu, akirudi kuoga yanaanza upya."

"Basi asioge lambo."

Novatus alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile dhahabu. Mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka ule na visima vya karibu vilikuwa tope. Lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe ndilo lililobaki.

"Tunajua ni nini," alisema. "Ni dawa ya nyanya. Yule Clarisse na bustani yake. Anapiga dawa, anaoshea bomba la kupulizia mle lambo. Hao watu hawajali watoto wa wengine."

"Hao watu gani?"

"Unajua ninachosema, Deodata."

Alijua. Clarisse alizaliwa palepale Runazi, yeye na Deodata walisoma darasa moja, wakagawana penseli moja kwa kuikata katikati. Lakini babu yake alivuka kutoka Burundi, na kila mambo yalipoharibika pale kijijini, babu huyo alivushwa mpaka upya.

Asubuhi alikwenda kwenye bustani. Iliteremka kutoka nyumba ya Clarisse hadi karibu na ukingo wa lambo, na nusu yake ilikuwa imeng'olewa. Miche ya nyanya yenye matunda mabichi ililala juu ya matuta, mizizi juu, imeshakauka. Clarisse alikuwa anaokota matunda yaliyoweza kuiva yenyewe na kuyatia kwenye ndoo. Hakuinuka.

"Karibu," alisema. "Umekuja kunusa dawa?"

"Nani amefanya hivi?"

"Watu."

"Clarisse, umepiga dawa?"

"Nilipiga wakati wa mvua. Nikaoshea bomba nyumbani kwangu, kule juu, kwa maji ya pipa. Nimemweleza Mwenyekiti, nimewaeleza na majirani, nimeeleza mpaka mdomo umekauka. Kesho wanafanya mkutano. Wanataka niondoe bustani yote." Alitupa nyanya iliyooza. "Na watoto wangu nao wanajikuna. Hilo hawalisemi. Au mimi ni mjinga kiasi cha kuwamwagia sumu wanangu?"

Deodata alishuka mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na visiki vya miti iliyokatwa wakati lambo linachimbwa vilikuwa vimejitokeza, vingine nusu, vingine vyote. Kila kisiki kilikuwa na kitu. Chini ya maji kilikuwa ganda la kijani lenye matundumatundu. Juu ya maji, palipokaushwa na jua, lilikuwa jepesi, la kijivu, linalomeguka. Alilimega kwa vidole. Lilisagika likawa vumbi, na vumbi likamshika mkononi.

Kabla hajafika nyumbani mkono ulikuwa unawaka.

Alisimama katikati ya njia akautazama. Halafu akakimbia kwenda kuchukua lile sanduku jeusi.

Kwa mpiga picha wa matumbawe, maji mabaya ni yale ambayo huoni upande wa pili wa miamba. Katika lambo la Runazi Deodata hakuona kiwiko chake. Alivaa suti ya kuzamia, akavaa miwani na mrija wa kupumulia, akaingia taratibu mpaka kifuani huku akiwa ameshika kamera iliyofungiwa ndani ya kasha lake. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha kufua.

"Huyu si mtoto wa Restuta?"

"Ndiye. Amevaa ngozi ya kambale."

Alizama. Akapata kisiki kwa kupapasa, akaegemeza kiwiko kwenye udongo, akatulia asubiri tope litue. Lenzi kama ile, ukiisogeza kwa unene wa karatasi tu, unachokitaka kinatoweka. Alipumua kidogokidogo kwa mrija. Tope likaanza kutua. Ukingo wa lile ganda ukaanza kujitokeza kwenye kioo, tundu moja, tundu la pili.

Ng'ombe wakaingia majini.

Aliinuka. Maji yote yalikuwa chai ya maziwa. Alimwomba mchungaji awanyweshee upande wa pili. Mchungaji akajibu kwamba ng'ombe hawa wamezoea hapa. Wakanywa, wakakojoa, wakaondoka kwa wakati wao. Akazama tena, akasubiri tena. Watoto wakaanza kurusha mawe ili waone kama atatoka. Alitoka, akawafokea. Mwalimu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akauliza kama anatafuta maiti. Akamjibu hapana. Mwalimu akasubiri palepale ukingoni, huenda ikapatikana.

Mara kadhaa alikaribia kulia ndani ya miwani. Kule Mafia watu wazima walinyamaza kwa ajili ya tumbawe. Hapa alikuwa anatetea ngozi za watoto wao, na wao walileta viti.

Jua lilipokuwa limepinda sana, na watazamaji wamechoka kwa kuwa hakuna kilichotokea, maji yalitulia. Deodata alibana pumzi. Ndani ya kioo lile ganda chafu likafunguka likawa wavu wa kijani, umefumwa kwa uzuri usio na sababu. Na kutoka kila uzi wa wavu ule vilitokeza vijiti vyembamba kuliko unywele, angavu, vyenye ncha. Vilikuwa vingi kama manyoya ya nungu. Alibonyeza, flashi ikawaka, akabonyeza tena. Kwa kitambo kidogo alisahau kwamba ana hasira.

Nyumbani alipiga pia lile vumbi kavu, akilitandaza juu ya kioo cha Suzan cha kujitazamia. Vijiti vilikuwa vilevile, sasa vimelala ovyo kama sindano zilizomwagwa kutoka kwenye kopo. Aliutuma mfululizo wa picha kwa mtafiti mmoja aliyemfahamu, na jibu lilirudi kabla ya chakula: ni sifongo, mnyama wa maji baridi yasiyo na chumvi, siyo tumbawe, mifupa yake ni sindano za kioo, maji yakipungua hufa na kusagika, na sindano zikielea ndani ya maji huchoma ngozi na macho.

"Mnyama mwingine asiye na kichwa," alisema Mama, akichungulia juu ya bega lake.

"Ndiyo, Mama."

"Unawavuta wewe."

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Desderius, mtu mrefu aliyependa kuanza kila hoja kwa kusema kwamba atakuwa mfupi. Clarisse alikaa kwenye benchi la pembeni na watoto wake. Hakuna aliyekaa karibu naye. Deodata alisogea akakaa.

Alipopewa nafasi alifungua kompyuta. Jua lilipiga kwenye kioo na watu wakajiona wenyewe. Wakasogea, wakainama, wakavua kofia kuweka kivuli, na bado wakajiona wenyewe. Hatimaye Novatus, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusaidia, alisema waende kwenye kibanda chake kuna runinga. Mkutano mzima ukahamia kwenye kibanda umiza, watu wakabanana kwenye mabenchi, jasho likaanza kuwatiririka.

Picha ilipotokea kwenye runinga, sindano zile zilijaa kioo kizima, kubwa kama mikuki. Deodata aliwaeleza. Alieleza pole pole, kwa maneno ya kawaida, kama alivyowaelezea watalii wengi. Clarisse hakuhusika. Nyanya hazikuhusika. Lambo limekauka, kilichoota kwenye visiki kimekufa, na watoto wanaoga ndani ya vumbi la kioo.

Mzee Desderius alinyanyuka.

"Nitakuwa mfupi. Binti, hizi picha umezipiga kwenye lambo letu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbona tumesikia ulimwonyesha mama yako picha kama hizi, ukasema ni za baharini?"

"Zile ni matumbawe. Hiki ni kitu kingine. Matumbawe hayaishi kwenye maji baridi."

"Lakini ni wanyama wasio na kichwa, wote."

"Wote, ndiyo, lakini..."

"Na ile nguo uliyoingia nayo lambo jana, ndiyo unayoingia nayo baharini?"

Deodata aliona inakokwenda na hakuamini. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba basi mbegu imetoka Mafia, imekuja na sanduku. Mwingine akasema aliona mwanga ukiwaka chini ya maji. Wanawake waliokuwa wanafua wakathibitisha mwanga. Ndani ya muda wa kupiga chafya, Clarisse alikuwa amesahauliwa, na aliyekuwa analeta ugonjwa ni yeye.

"Jamani!" alipaza sauti. "Mimi nimefika juzi! Juzi! Hivi hamna akili, au mmeziacha uwanjani?"

Kibanda kikalipuka. Novatus alikuwa anamvuta mkono akae. Hapo ndipo Mama, aliyekuwa kwenye benchi la mbele na kanga kichwani, aliposimama. Hakupaza sauti. Alisubiri.

"Nice alianza kuvimba macho kabla huyu hajapanda basi," alisema. "Mimi ndiye niliyempigia nikamwambia aje na dawa ya macho. Hakuja nayo, maana huwa hasikii. Kazi yake siielewi. Picha zake zinanitia kinyaa. Lakini mtu hawezi kuleta ugonjwa kwenye basi lililokuwa bado halijaondoka. Mwenyekiti, hilo nalo halihitaji runinga."

Akakaa. Watu wachache wakacheka. Mzee Desderius alijikohoza, akaona kwamba lazima afanye kitu. Alimwomba Deodata lile vumbi. Alipopewa alilimimina kiganjani, akawaonyesha watu, akasema yeye amekulia kwenye lambo hili na hajawahi kuona sindano, na akajipaka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akajipaka na shingoni.

"Mzee, usifanye hivyo," Deodata alisema.

"Mnaona? Hakuna kitu. Ni unga."

Akaendelea na mkutano. Alizungumzia visima, akazungumzia wenye ng'ombe, akagusa bustani. Alipofika kwenye bustani alikuwa amejikuna shingo mara moja. Kisha kiwiko. Akaendelea kuongea akijikuna kwa mgongo wa kalamu. Watu walinyamaza, siyo kwa heshima. Shingo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu hata katika mwanga wa runinga, na mwishowe alikuwa anasugua bega kwenye nguzo ya kibanda kama ng'ombe.

"Humu ndani kuna joto," alisema.

Kicheko kilichotoka kilisikika mpaka barabarani.

Ikaamuliwa kwamba watoto wasioge lambo mpaka mvua zinyeshe, kwamba maji ya kunawa yachujwe kwa kitambaa kizito, na kwamba vijana wang'oe visiki, wakiwa wamevaa mikono mirefu. Kuhusu bustani, Mzee Desderius alisema jambo hilo limeahirishwa, akatoka haraka kutafuta maji.

"Limeahirishwa?" Deodata alimfuata Clarisse njiani. "Wamekuona huna kosa, halafu linaahirishwa? Hakuna hata mmoja aliyekuomba msamaha! Nitarudi kwake sasa hivi."

"Usirudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe utapanda basi, Deo. Mimi nabaki nao. Nimeshinda kwa kicheko, si haba." Clarisse alimhamisha mtoto mgongoni. Alitembea kidogo, kisha akasema bila kumtazama: "Kama unataka kugomba na mtu, gomba na kaka yako."

"Novatus amefanya nini?"

"Nani unafikiri aling'oa ile miche? Alikuja mchana kweupe. Alinisalimia kwanza."

Deodata alimkuta Novatus anafagia kibanda. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, makali. Alipoingia yakamtoka yote mara moja, bila mpangilio, na kaka yake akaendelea kufagia mahali palepale.

"Mtoto wangu alikuwa haoni," alisema hatimaye. "Anaamka asubuhi anapapasa ukuta. Anauliza kama ni usiku. Ulitaka nifanye nini, nipige picha?"

"Ungeuliza."

"Nimuulize nani? Kila mtu alikuwa anajua."

"Kila mtu alikuwa hajui, Nova! Na leo umekaa mle ndani mkutano mzima, umewasha runinga, na mdomo umefunga!"

"Nilikuwashia runinga."

Alikuwa mkaidi tangu utoto na Deodata alijua kwamba akisukumwa zaidi atakaa chini kama punda. Akaondoka. Chakula cha jioni hakikumshuka. Mama alitaka kujua kilichotokea, akaelezwa, akasema tu kwamba Novatus amefanana na baba yake, na akamwekea Deodata maji ya chumvi alowekee mkono.

Asubuhi Deodata alikwenda kumsaidia Clarisse kupandikiza. Kulikuwa na kitalu cha akiba nyuma ya nyumba, miche michache tu, na nyingine Clarisse alikuwa ameiomba kwa shemeji yake aliyeko kijiji cha Bisibo. Walifanya kazi jua lilipokuwa bado laini. Deodata hakuwa na mkono wa jembe tena. Matuta yake yalipinda, na Clarisse aliyanyoosha nyuma yake bila maneno, jambo ambalo liliudhi zaidi kuliko kukosolewa.

Novatus alitokea kutoka njia ya juu, jembe begani, tenga la miche kichwani. Alisimama mwisho wa bustani kama mtu aliyepotea.

"Hodi," alisema.

Clarisse alimwangalia kwa muda uliomtosha yeye mwenyewe. Hakumkaribisha. Hakumfukuza.

"Anzia kule chini," alisema. "Ulipoanzia."

Novatus alishuka mpaka tuta la mwisho, akatua tenga, akaanza kulima.